“Ukoo Wetu ni wa Wafupi”

Mama Kidoti, fundi cherehani, alimvisha bintiye gauni alilomshonea mwaka uliopita. Likamkaa barabara.

“Baba Kidoti, njoo uone! Mtoto wa miaka mitatu, mwaka mzima hajaongezeka hata kidole!”

Mumewe, seremala, hakuinua macho. “Ukoo wetu ni wa wafupi. Katurithi.”

Jibu hilo lilikwisha kumfika mkewe kooni. Mtoto akikataa kula, karithi. Akiharisha, eti tumbo la ukoo.

“Na msumari ukipinda, utasema umerithi? Vaa viatu, twende kliniki!”

Muuguzi alimpima Kidoti, akatazama kadi yake.

“Anakula nini?”

“Uji mtupu. Kingine anakataa.”

“Maji ya kunywa mnachemsha?”

Mama Kidoti akatikisa kichwa.

“Dada, ukoo wetu ni wa wafupi,” seremala akaanza. Mkewe akafumba macho.

“Sikatai, baba,” muuguzi akasema. “Mtoto hupokea vinasaba kwa baba na kwa mama. Hayo ni maagizo ya mwili: sura, rangi, kimo. Lakini hata watoto wa ukoo mfupi hukua kila mwaka. Huyu amesimama. Mwili hujengwa kwa chakula, na kuharisha kunakipoteza. Wewe ukipewa mchoro wa kabati, halafu mbao hazitoshi, utatoa nini?”

“Labda stuli,” akajibu kwa sauti ndogo.

Muuguzi akampa mtoto dawa ya minyoo. Akawaagiza wamlishe mayai, maharage, mboga na matunda, kidogo kidogo mara nyingi. Maji yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Nyumbani, bibi mzaa baba akaguna. “Mnahangaika bure. Sisi ndivyo tulivyo.”

Mama Kidoti alikuwa keshafungua mdomo, mumewe akamtangulia.

“Mama, niachie sufuria, nachemsha maji ya mwanangu.”

Haikuwa kazi rahisi. Wiki za kwanza Kidoti alitema maharage, akamwaga yai, mama yake akatamani kulia. Hawakuacha.

Baada ya miezi sita, muuguzi alimpima tena. Kidoti alikuwa ameongezeka sentimita nne.

“Huenda asiwe mrefu sana,” akasema. “Ila sasa anakua.”

Seremala aliitazama kadi.

“Dada, na mimi? Ningelishwa hivi utotoni, ningekuwa mrefu kuliko hivi?”

“Pengine. Sasa hatuwezi kujua.”

Seremala alimpandisha binti yake mabegani, wakatoka.