Jina la Prudencia Lililouzwa

"Ng'ombe kaingia zizini," redio ilikoroma.

Leonsia, askari kanzu, aliichomeka redio kiunoni. Alichomoa bastola yake, Glock, akajibanza nyuma ya pazia.

Nyumba ile ya Mkolani haikuwa na mtu wala jiko. Aliikodi kwa siri, akaiandikisha kwenye usajili wa Prado nyeupe iliyoegeshwa Buzuruga kama chambo. Jina la mwenye gari: Prudencia Muganyizi. Anwani hiyo haikuandikwa kwingine popote. Atakayepiga hodi, kainunua.

Prudencia, marehemu sasa, alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Jamani, namba ya gari iko barabarani, kila mwenye macho anaiona. Wezi wa magari waliipiga picha tu namba yake, wakauziwa jina, simu na nyumba. Wakampigia kwa adabu: dada, gari yako imegongwa, njoo na funguo. Mama yao aliwaonya tangu utotoni kwamba anayelijua jina lako si lazima awe ndugu yako. Prudencia akatoka, mtoto mgongoni.

Mtoto peke yake ndiye aliyepona.

Simu ya Leonsia ikatetemeka.

"Shikamoo dada Prudencia. Pole sana, Prado yako imegongwa huku Buzuruga. Nimekufuata, niko getini. Beba funguo."

Maneno yale yale. Jina lile lile, na muuaji hata hakulikumbuka!

"Marahaba, baba. Sukuma geti, liko wazi."

Mpigaji, mwizi aliyeitwa Machibya, akaingia hadi ndani, panga chini ya koti.

Teke la goti. Kitako cha bastola kisogoni. Akala sakafu.

"Nani kakuuzia nyumba hii?"

"Nimeelekezwa tu, dada..."

Mdomo wa Glock ukagusa sikio lake.

"Mayala! Mayala wa kumbukumbu za magari!"

Watumishi watatu tu ndio waliokuwa na neno la siri la kumbukumbu zile. Askari walikuwa wamejificha nje ya mageti yao wote watatu, wakingoja jina. Leonsia akalitaja redioni, akasikiliza jibu. Kisha akampigia Mayala kwa simu ya Machibya.

"Vipi mzee, mali imepatikana?" Mayala alicheka.

"Wewe ndiye uliyepatikana. Nyumba yako Misungwi, geti la bluu. Noah ya kijivu. Mkeo Winnie yuko uani, anaanua nguo."

Kicheko kikakatika.

"We nani? Nani kakupa nyumba yangu?"

"Prudencia hakupata muda wa kuuliza hilo."

"Dada, nina watoto!"

"Naye alikuwa na wake. Mgongoni."

Upande wa pili geti likagongwa. Mayala alianza kulia kama ndama.

"Fungua, wageni wako hao," alisema Leonsia, akakata.

Ngosha, mwenzake wa kwenye redio, akaingia na pingu. Alikitazama kidole cha Leonsia, bado kiko kwenye kifyatulio.

"Dada, huyu niachie mimi."

Kidole kikakawia. Kikatoka.

"Mfunge kwa nguvu. Akilia, kaza."

Akavaa miwani nyeusi, akamruka Machibya kama dimbwi. Nje, jirani alikuwa amechungulia juu ya ukuta.

"We dada mgeni, karibu! Unaitwa nani?"

"Mpita njia, mama," alijibu Leonsia, akaenda zake.