Chuma cha Arthi

Udongo ulikataa kukauka. Hilo ndilo jambo la kwanza Salama aliloliona, na kwa siku kadhaa hakumwambia mtu. Fundi Mwau alikuwa amemwaga ndoo moja tu ya maji ya chumvi pale alipopigilia chuma cha arthi, kile chuma kirefu cha shaba kinachoshuka ardhini ili umeme uliopotea upate pa kwenda. Zombe, huko Kitui, ilikuwa haijaona mvua kwa miezi mitano. Wiki tatu baadaye udongo ule ulikuwa bado mbichi, na kuku wa boma, ambao siku hizo walikuwa wakigombania hata maji ya kuoshea vyombo, waliupita mbali.

Gari lilinunuliwa kwa sababu ya Bi Mwanamisi, mamake Abdulmalik, mumewe Salama. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki ilibidi afikishwe Kitui mjini kusafishwa damu kwa mashine. Lilikuwa gari dogo la umeme, la mtumba, na betri yake iliweza kwenda Kitui na kurudi ikiwa tu imejaa kabisa na hakuna aliyewasha kiyoyozi. Njiani hapakuwa na pa kuchajia. Kwa hiyo Abdulmalik, ambaye aliuza vitambaa sokoni, akaweka paneli za sola juu ya bati, na Mwau akaja kuunganisha nyaya.

Mwau aliwaeleza kwamba gari lenyewe hupima arthi kwanza. Lisipoipata, halipokei chaji hata kidogo. Ardhi ya pale ilikuwa ngumu, akapiga nyundo asubuhi nzima huku jasho likimtiririka, mpaka futi ya mwisho chuma kikazama kwa pigo moja, laini, kama kimeingia kwenye nyama. Mwau alicheka, akasema hapo amepata mahali pazuri.

Walichaji mchana, jua likiwa kali. Na ilikuwa mchana, saa sita kamili, wakati vivuli vimeingia chini ya miguu ya watu, ndipo sauti ilipoanza. Abdulmalik alisema ni feni ya chaja. Lakini Salama alisikia mtu akiguna, mdomo umefumbwa, kama mgonjwa anayejizuia asiwasumbue wenzake. Pamoja na mguno ule ilikuja harufu ya nywele zilizoungua.

Siku moja Abdulmalik alichuchumaa kando ya gari, akaushika waya wa chaji. Alikaa hivyo kitambo. Alipoinuka, alikuwa akijipangusa kiganja kwenye suruali.

"Unapumua," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Usimwambie Mama."

Akauchomoa waya wa arthi kutoka kwenye kile chuma. Mguno ukakatika. Gari nalo likawasha taa nyekundu na kukataa chaji, na kesho yake ilikuwa siku ya mashine. Abdulmalik alisimama na waya mkononi mpaka aliposikia mamake akikohoa ndani ya nyumba, kikohozi kile kizito kinachomjia maji yakimjaa mwilini. Akaurudisha waya mahali pake.

Walimwita Maalim Mikail, akasoma, akanyunyiza maji pembe zote za boma. Harufu iliondoka siku mbili. Siku ya tatu ilirudi, ikiwa ndani ya nyumba sasa, kwenye mto wa kulalia wa Bi Mwanamisi. Walifikiria kuliuza gari. Lakini walikumbuka magari ya abiria waliyokuwa wakipanda zamani, jinsi mama alivyofika nyumbani amekunjamana, asiweze kumeza hata uji. Basi waliendelea kuchaji, kila mchana, wakiwa wamefunga madirisha wasisikie.

Alhamisi moja Bi Mwanamisi alikuwa amepangiwa mashine ya alasiri. Betri ilikuwa imebakisha kidogo ijae, naye, kwa kuchoka kusubiri, akajikokota mwenyewe mpaka garini, akaketi kiti cha mbele, akafunga mlango. Salama alikuwa jikoni aliposikia milango minne ikijifunga kwa pamoja.

Ufunguo ulizunguka bure. Abdulmalik akashusha swichi kubwa, akang'oa hata nyaya zilizotoka kwenye paneli, na bado taa ya kijani ilipepesa kwenye gari, ikionyesha kwamba linaendelea kula chaji. Kichwa cha waya wa chaji kilikuwa kimejibana kwenye tundu lake, hakichomoki, na waya wa arthi nao ulikuwa umeng'ang'ania chuma chake. Alipiga kioo kwa jiwe na jiwe likarudi kama limepiga mpira. Akakimbia dukani kuchukua nyundo.

Salama akabaki peke yake. Aliweka viganja kwenye kioo, na kioo kilikuwa cha moto, na ndani yake mama mkwe alikuwa ameketi wima kabisa, yeye ambaye mgongo wake haukuwa umenyooka kwa miaka miwili, akimtazama bila kupepesa. Kisha akasema naye kwa Kikamba. Bi Mwanamisi alizaliwa Lamu. Kikamba alichojua ni cha kuulizia bei ya nyanya. Hiki kilikuwa cha watu wa kale, kizito, na Salama, Mkamba aliyezaliwa Nuu, ilibidi akisikilize kwa makini kama anavyomsikiliza nyanyake.

"Mmenipigilia bega," ilisema sauti. "Nimelala hapa tangu mto wa hapa ulipokuwa na maji. Kila jua likipanda mnanichoma."

Salama aliuliza anataka nini.

"Aliyekipiga akitoe. Mkono ule ule."

"Akikitoa, utatuacha?"

"Nyinyi nitawaacha. Pangu mmeshapatoboa, siwezi tena kulala hapo. Nitakaa ndani ya huyo atakayekitoa."

Halafu mgongo ukapinda, macho yakarudi kuwa ya mama mkwe, na sauti dhaifu ikasema kwa Kiswahili, "Salama, mwanangu, nifungulie. Nachomeka."

Salama alimpigia Mwau simu. Alimwambia mama amefungiwa garini, aje akitoe chuma. Mwau hakuuliza zaidi, na baada ya dakika kumi pikipiki yake ilikuwa getini. Abdulmalik pia alikuwa amerudi na alikuwa akipiga kioo kwa nyundo, akilia, pasipo hata mkwaruzo kuonekana.

Mwau alikitazama chuma, akautazama udongo mbichi, akamgeukia Salama.

"Kuna kitu nafaa kujua, dada?"

Ndani ya gari, mkono wa Bi Mwanamisi ulikuwa ukiteleza polepole kwenye kioo.

"Harakisha tu, fundi," Salama alisema.

Mwau alipiga magoti, akakishika chuma kwa mikono miwili, akavuta, na chuma hakikutikisika, akavuta tena huku akiliita jina la Yesu, na mguno ule ukapanda kutoka ardhini, kwenye waya, kwenye bodi ya gari, kwenye mabati ya nyumba, ukawa si mguno tena bali mtu anayefumbua mdomo baada ya miezi ya kuubana, na chuma kikaanza kupanda, shubiri baada ya shubiri, kikitoa moshi, mpaka kikachomoka na Mwau akaanguka chali nacho kifuani, na milango minne ikafunguka.

Ukimya ukaja. Walimtoa Bi Mwanamisi, wakammwagia maji, akafumbua macho akaulizia viatu vyake. Mwau aliondoka bila kuaga.

Siku ya nne Kanyiva, mkewe Mwau, alikuja mpaka mlangoni. Alisema mumewe hawezi kutoka nyumbani. Anafika kizingitini na miguu inagoma, na wanaume watatu wa kanisa wamejaribu kumbeba wakashindwa. Mchungaji ameomba siku mbili. Sasa Mwau anamwita Salama.

Salama alimkuta ameketi kitini, amekonda, mikono imefungwa bendeji. Kanyiva akawapisha.

"Dada Salama," Mwau alisema taratibu. Sauti ilikuwa yake, na macho yalikuwa yake. "Kabla sijafika siku ile, kilikwambia nini?"

Salama alitazama sakafu.

"Hakikusema kitu, fundi."

Midomo ya Mwau haikusogea. Jibu lilitoka kifuani mwake, kwa Kikamba cha watu wa kale.

"Nilisema."