Mapato ya Sikukuu ya Hollinsea

Yorkshire, Agosti 1987. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni.

Norman Sugden, fundi wa boila, alifunga mlango kwa komeo. Stoo ya taa ilikuwa nyuma ya stesheni ya Garbeck, inanuka mafuta na soksi zilizolowa. Doreen Haigh, mkata tiketi, amekalia ndoo iliyopinduliwa, chupa ya chai mapajani. Clive Mawson, dereva, amesimama. Clive hakuwa mtu wa kukaa.

"Sema hesabu," Norman alisema.

"Si unazijua?"

"Sema. Clive azisikie."

Doreen akavuta pumzi. "Mwaka jana sisi tuliingiza pauni elfu thelathini na moja. Hollinsea, laki tisa."

"Laki tisa!" Norman alilitema neno kama mwiba wa samaki. "Reli mbili za makumbusho, bonde moja. Serikali ilizifunga zote mwaka uleule, tukazifufua kwa mikono, bure. Kichwa cha treni cha makaa na sisi tunacho. Mvua ni ileile. Wametuzidi nini?"

"Bahari. Sisi tunaishia shamba la kondoo. Abiria wetu anaacha pauni moja na nusu, anakwenda zake. Wa kwao ananunua tiketi, skonzi na jamu, treni ya plastiki ya mtoto, na kalenda juu. Anaacha sita. Tiketi haiwalishi wale, Norman. Ni skonzi."

"Skonzi za Gerald Pym."

Gerald ndiye meneja wa Hollinsea. Zamani alikuwa akipaka rangi mabenchi hapahapa Garbeck, ovaroli imechanika makalioni. Sasa ana gari jipya. Norman kila akilipita hulikagua tairi kwa tairi.

Na Garbeck ilikuwa inakata roho. Mkaguzi alikuwa amegonga boila ya kichwa chao pekee, akatikisa kichwa. Mwisho wa Septemba, boila mpya au reli ifungwe. Pauni elfu ishirini na mbili. Benki iliwacheka.

"Jumatatu ni sikukuu," Norman alisema. "Benki hazifunguliwi. Mapato ya siku tatu yatakuwa yamelala kwenye sefu ya Gerald. Na wametualika kwenye maonyesho yao, tuwazungushe watoto kwa kichwa chetu, peni ishirini kila mmoja. Wanataka kichekesho. Sawa. Saa tisa vichwa vyote vinapiga filimbi pamoja. Nyundo haitasikika. Mimi nakata bawaba za sefu, Doreen analinda mlango. Clive, wewe unaufukia mzigo kwenye makaa, tunarudi kwetu kwa reli. Polisi watafunga barabara. Nani atapekua makaa?"

"Na fedha tutasema zimetoka wapi?" Doreen aliuliza.

"Boksi la michango. Tunatumbukiza kidogo kidogo."

Clive akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Na mimi napata nini?"

"Unapata reli, bwana. Unataka nini tena?"

Clive alitazama viatu vyake.

Jumatatu, saa nane na nusu mchana.

"Birika hilo limefika!" kijana wa Hollinsea alipiga kelele walipoingia. Watu wakacheka. Kichwa cha Garbeck kilikuwa kidogo kweli, kimesimama kando ya kile cha kijani cha wenyeji, chenye mabomba ya shaba yanayong'aa kama sufuria za harusi.

Norman hakucheka. Alikuwa anatazama foleni ya chai. Ilizunguka jengo lote, ikapita duka la wanasesere, ikaishia chooni. Kila mtu pauni sita. Alihisi kama foleni ile inamtembea kifuani.

Saa tisa kamili.

Filimbi zikalia. Vioo vya ofisi vikatetemeka. Norman akaingia na nyundo na patasi. Kulikuwa na zulia jekundu. Akapita pembeni, asilichafue. Akajikuta anafanya hivyo, akapandwa na hasira, akarudi kulikanyaga katikati kwa buti zote mbili.

Bawaba ya kwanza. Ya pili ikagoma.

"Fanya haraka, Norman, filimbi zinaisha!" Doreen mlangoni.

"Nyamaza!"

Pigo moja tena. Mlango ukaanguka juu ya zulia. Noti zimefungwa kwa mipira, vitita kwa vitita. Doreen akapanua kikapu chake cha sandwichi.

Saa kumi.

Mzigo ulikuwa chini ya makaa. Kichwa kidogo kikaanza kutoka, wote watatu wamebanana mbele ya moto. Gerald alikuwa jukwaani, anapunga mkono. "Karibuni tena mwakani, mzee Norman!"

Norman akainua kofia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Saa kumi na robo.

Mpakani mwa reli hizo mbili palikuwa na nguzo ya ishara, mkono wake wa chuma umeinuka. Njia nyeupe, pita. Clive akafunga mvuke. Kichwa kikasimama.

"Kuna nini?" Norman aliuliza.

Clive akakaza breki.

"Clive, mkono uko juu. Pita!"

"Naona."

Miaka ishirini Clive hajawahi kusimama mbele ya mkono ulioinuka. Doreen alielewa kwanza.

"Ametuuza," alisema.

Polisi wanne walitoka kwenye vichaka. Gari la Gerald lilikuwa linakuja nyuma yao. Norman akanyakua koleo.

"Wamekulipa kiasi gani, mbwa wewe?"

"Hata senti." Clive alifuta masizi mikononi. "Kichwa cha kijani. Kila Jumapili, dereva ni mimi. Gerald alinifuata mwezi wa sita niende kwao, nikakataa. Juzi ukaniambia napata reli. Reli gani, Norman? Nikampigia simu."

"Na Garbeck?" Doreen aliuliza. "Tunafunga, Clive. Unajua tunafunga."

"Ilishakufa, dada. Hesabu umezisoma mwenyewe."

Polisi alishika ngazi. Koleo likashuka polepole. Norman hakumtazama polisi. Alikuwa anamtazama Gerald, aliyekuwa anashuka garini na suti yake.

"Gerald!" aliita. "Miaka ishirini naziba boila! Nakuzidi wewe, namzidi huyu! Kwa nini hukunifuata mimi kwanza?"

Gerald akafunga vifungo vya suti.

Doreen aligeuka, akamkazia macho Norman kwa muda mrefu, jinsi ambavyo hakumtazama hata Clive. Kisha akafukua kikapu kwenye makaa, akampa polisi, akashuka mwenyewe.