Mafuta Yaliyokataa Kupoa

"Huyo binti yako ana adabu au ana kiburi?" jirani yangu aliniuliza siku moja. Nilimjibu kwamba hata mimi bado namtazama. Jibu nililipata karakanani.

Asubuhi zetu zilikuwa zile zile. Nasali kwa ufupi, tunawasha mashine, tunakamua mbegu za mbarika, kisha tunayachemsha mafuta yatoke maji. Mafuta haya ni mazito, yanavutika kama asali. Siku za likizo binti yangu wa miaka kumi na miwili alishika kipimajoto na daftari. Kazi yake ilikuwa kuyapima kabla hayajaingia kwenye madumu ya plastiki na kuandika alichokiona. Yakizidi nyuzi arobaini na tano, hayajazwi. Mwezi uliotangulia tuliyajaza yakiwa moto, dumu likalegea na kupasuka, mjazaji wetu akaungua mguu. Alikuwa bado anachechemea.

Ndipo kaka yangu, fundi wa kuchomelea, akatutengenezea kipoza mafuta. Alikunja bomba jembamba la shaba mizunguko ishirini, akalizamisha kwenye pipa la maji baridi. Mafuta yapite ndani, maji yachukue joto. Alijisifu mpaka mate yakamkauka.

Tukawasha pampu. Binti akapima mafuta kwenye mdomo wa bomba.

"Sitini na tatu, mjomba."

"Hicho kipimajoto kibovu."

"Asubuhi nimekitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma mia. Kizima."

Kaka akamwaga ndoo mbili za barafu pipani. Pampu ikaanza kulia, mafuta yakatoka kwa kujivuta.

"Sitini na moja."

"Andika arobaini, bibie. Mteja anakuja keshokutwa. Yatapoa yenyewe humo humo dumuni."

"Siandiki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mjomba wangu, tena nampenda. Lakini atakayebeba dumu ni mjazaji, si wewe wala mimi. Siandiki, hata ukinifukuza."

Kaka akanigeukia. "Dada, huyu ulimzaa au ulimwokota?"

"Nilimzaa," nikasema. "Na dumu halijazwi."

Binti alikuwa ameinama, anachungulia ndani ya bomba. "Mama, uji ukiuacha bakulini, pembeni unaganda, katikati unakuunguza ulimi. Humu ni vivyo hivyo. Mafuta yanayogusa bomba yanapoa, yanakuwa mazito, yananata. Ya katikati yanapita na moto wake. Barafu inaongeza ganda tu."

"Uji tunaufanyaje?" nikamuuliza.

"Tunaukoroga."

"Haya, nani ataingia bombani na mwiko?" kaka akadakia. Wafanyakazi wakacheka. Mjazaji hakucheka.

Nikaagiza mabomba saba mapana, yaliyonyooka, yalazwe sambamba ndani ya pipa refu lenye maji yanayotiririka. Ndani ya kila bomba tukapenyeza ukanda wa bati uliosokotwa kama skrubu, ili mafuta yajigeuze yanapopita, ya katikati yaje pembeni. Kaka alichomelea huku amenuna, lakini alichomelea vizuri. Mikono yake haijui kununa.

Kesho yake tukawasha bila barafu. Pampu haikulia. Binti akapima mara tatu.

"Arobaini na mbili."

Mjazaji akajaza dumu la kwanza, akaweka kiganja chake ubavuni mwa dumu, akakiacha hapo. "Mungu akubariki, mwanangu," akamwambia binti.

Kaka akakohoa. "Sawa, yamepoa. Sasa chana ule ukurasa wa jana. Mteja akisoma sitini na tatu ataniona fundi wa mtaani."

Binti akalikumbatia daftari kifuani.

"Ukurasa hauchanwi, kaka," nikasema, na nikawageukia wote wasikie. "Kama mtoto huyu angeandika arobaini jana, leo tungekuwa na mguu mwingine ulioungua, na lile bomba jembamba tungelisifu. Sitini na tatu ndiyo iliyotufanya tufikiri. Kukosea si aibu, sote tunakosea. Aibu ni kuificha namba inayomlinda mwenzako. Na wewe binti, ukiwa na hakika umepima sawasawa, simama hapo hapo, hata anayekukaripia awe mkubwa wako. Hicho si kiburi."

Kaka alilitazama daftari, akamtazama mjazaji mguuni. Akaokota spana yake, akatoka.