Safu ya Tatu Haikugeuka

Onyesho la mchana lilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Katika safu ya tatu mtu mmoja akabaki amekaa, macho wazi, yameelekea jukwaani.

"Simama basi, dada, hata kama humpendi mwimbaji!" msichana wa nyuma yake alimtania, akamgusa bega.

Mwili ukaporomoka upande, kama koti linaloteleza kutoka kwenye kiti. Ndipo mayowe yakaanza.

Inspekta Seok Mi-ran alifika Daehangno, mtaa wa kumbi za maonyesho, maiti ikiwa bado kitini. Marehemu aliitwa Pyo Geum-ju, muuza miwani. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Mkono wa kulia ulikuwa umekamata leso tupu.

"Pumu," alisema daktari wa polisi. "Na hakuondoka ghafla. Alihangaika."

"Ahangaike katikati ya watu mia nane, asionekane?"

Meneja wa ukumbi aliinamisha kichwa. "Afande, watazamaji wetu hukaa kimaiti. Wenyewe ndivyo wanavyoita. Hakuna kukohoa, hakuna kuegemea mbele. Hata saa za mkono wanavua. Ukijikuna tu, utakaziwa macho mpaka ujute."

Seok aliutazama ukumbi. Alikwisha kuona waliokufa majini na waliokufa motoni. Hakuwahi kuona aliyefia katikati ya watu hai waliokuwa wakishindana kufanana naye.

Nje ya milango ya ukumbi, mashahidi waliozuiwa walikuwa wakigombana.

"Leo Yu-ri kaimba mwenyewe, acheni roho mbaya!"

"Kaimba nini? Kanda ile! Bang Yu-ri hajawahi kuifikia ile sauti ya juu tangu azaliwe."

"Kwani ulikaa wapi wewe, chooni?"

"Asingekuwa mpwa wa mtayarishaji, saa hizi angekuwa anachana tiketi mlangoni! Tak Seo-in kaimbia nyuma ya wenzake mpaka kaota mvi, halafu nafasi anapewa mtoto wa juzi!"

"Mwenzenu amekufa humo ndani," Seok alisema.

Msichana mmoja, Ma Do-hui, rafiki wa marehemu, alifuta machozi kwa kiganja. "Dada Geum-ju ndiye aliyeanzisha kelele zote hizi mtandaoni, Afande. Alisema Yu-ri amebebwa, tena anafunguliwa kanda. Leo alikuja kuhakikisha kwa masikio yake."

"Alikuwa na kipulizio cha pumu?"

"Hakimtoki mkononi. Hukiviringisha kwenye leso, kisipige kelele."

Leso ilikuwepo. Kipulizio hakikuwepo: si mkobani, si chini ya viti.

Simu ya Seok ililia. Alikuwa mkuu wake wa kituo.

"Pumu ni pumu, Seok. Funga jalada."

Mkuu huyo alikuwa mkwe wa mkuu aliyetangulia. Alikalia kiti ambacho Seok alikuwa ameahidiwa mbele ya ofisi nzima. Wote walioahidi leo wanajifanya hawakuwepo. Seok hakusahau hata uso mmoja.

"Bado, Mkuu," alisema, akakata.

Alianza na jirani wa kushoto wa marehemu, mzee Yeom Chang-rae, daktari wa meno mstaafu.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi."

"Ukafanya nini?"

"Nilimkazia macho." Mzee alitazama viatu vyake. "Nilidhani anamharibia Yu-ri makusudi. Kila mtu anajua alivyomchukia. Na wimbo wenyewe ndio ule wa sauti ya juu..."

Seok aliwageukia wengine. Aliwauliza wa mbele. Aliwauliza wa nyuma. Walisikia. Wote walimkazia macho.

Jirani wa kulia alikuwa Noh Eun-byeol, mwalimu wa chekechea, mpole, picha ya Yu-ri imening'inia mkobani.

"Mimi sikusikia kitu, Afande. Nikitazama, natazama."

Asubuhi Sajini Gil aliingia ofisini na simu mkononi. "Inspekta, huko mtandaoni wamechachamaa. Kuna mtu kaficha jina, kaweka kipande cha sauti cha onyesho la jana. Anasema, 'Sikilizeni, kanda haitetemeki hivi!'"

Kurekodi ukumbini ni marufuku. Mtu alificha simu.

Seok alisikiliza. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikakaribia kukatika, kisha ikafunguka. Hakika ilikuwa ya koo hai. Lakini chini yake kulikuwa na filimbi nyembamba, ya kifua kinachotafuta hewa.

Wataalamu wa sauti walithibitisha: simu ilikuwa kwenye kiti kinachopakana na cha marehemu. Mzee Yeom aliiacha yake kwenye kabati la ukumbi. Akabaki mmoja.

Kwa hati ya upekuzi, polisi walikuta kipulizio kwenye mfuko wa koti la Eun-byeol. Kilikuwa na alama za vidole vya marehemu na vya Eun-byeol. Rekodi nzima ilikuwa kwenye simu yake.

"Ulikichukua lini?" Seok alimuuliza katika chumba cha mahojiano.

Eun-byeol alitazama meza.

"Nakuuliza lini."

"Alipotaka kukitumia. Kinalia, Afande, kama kopo la soda linalofunguliwa. Na ndiyo kwanza anapanda!"

"Nani?"

"Yu-ri! Wanamtukana kila siku, ati kabebwa. Kabebwa, sawa, nani hajui? Lakini jana alikuwa anaimba mwenyewe! Nilihitaji sauti safi niwazibe midomo. Nilidhani huyu anajifanyisha. Nilitaka nimrudishie, wimbo ukiisha."

"Ulipoisha?"

"Alikuwa ametulia." Machozi yalimtoka. "Nikasema moyoni, amekubali kushindwa."

Seok alibonyeza kitufe cha kucheza rekodi. Katikati ya wimbo, sauti ya marehemu ilisikika, dhaifu: "Tafadhali... nipe." Ikafuata ya Eun-byeol, laini, ile ya kubembelezea watoto wasinzie: "Shii. Kaa vizuri."

Sajini Gil aligeukia ukuta.

"Alikuomba," Seok alisema. "Anayejifanyisha haombi hivi. Kwa nini basi hukuifuta rekodi hii?"

Eun-byeol alimtazama kama aliyeambiwa anyonge mtoto. "Niifute? Hajawahi kuimba vile. Na huenda asiimbe tena."

Aliandika maelezo ya kukiri, akaweka sahihi. Walipomwondoa, rekodi ilikuwa bado inaendelea. Baada ya "tafadhali" ile mtu alisonya upande wa kushoto. Mwingine akasonya nyuma. Mwingine mbele. Wote walikuwa wakimnyamazisha anayekufa.

Hati ya mashtaka ilikuwa na jina moja. Sheria haikuwa na nafasi ya mengine.

"Sajini, waite wote waliokaa karibu naye."

"Kwa kosa gani, Inspekta?"

"Waje wasikilize. Mpaka mwisho, wamekaa kama walivyokaa."

"Na atakayekohoa?"

Seok alirudisha rekodi mwanzo.

"Mwache akohoe," alisema.