Kumi na Tisa kwa Mia

Hesabu hazijawahi kunilaza chali. Ndivyo nilivyomwambia Binti Cherehani, mpenzi wangu anayetoa fotokopi kwenye duka la shangazi yake, nilipotoka chuoni kufanya mtihani wa kupima uwezo wa wanafunzi wapya.

"Umepata ngapi?" aliuliza, macho kwenye mashine.

"We acha! Wameniomba niwafundishe wale vilaza wa darasa la matayarisho. Wiki sita, kila asubuhi."

"Hongera, mwalimu."

Mashine ikatema karatasi ya moto. Akanisogezea. Kumbe chuo kilikuwa kimeleta orodha itolewe nakala! Darasa la matayarisho. Atakayefeli tena atapoteza nafasi ya chuo. Jina la kwanza, langu. Kumi na tisa kwa mia.

"Mwalimu, mbona umejiandikisha na wewe?"

Nikajaribu kucheka. Kicheko kikagoma.

"Sekondari ulifauluje?"

"Nilikariri majibu ya mitihani ya nyuma. Hawa watu wamebadilisha namba."

"Wabaya kweli."

"Unaniacha?"

"Kwa kumi na tisa? Hapana. Kwa uongo, bado nafikiria." Akavuta kiti. "Kaa. Nusu jumlisha theluthi?"

"Mbili juu ya tano."

Akafumba macho kama aliyeguswa jino bovu.

"Tunaanzia darasa la nne, mpenzi."

Asubuhi chuoni, mchana nyuma ya mashine. Nikimtumia ujumbe wa "nimekumiss", anajibu: "Swali la saba je?" Nikimtumia jibu tupu, anaandika: "Njia iko wapi?"

Wiki ya sita nikarudia mtihani. Majibu yalipotoka nikamtumia: "Sitini na nne."

"Njia?"

"Nakuja nayo."

Nilimkuta ameshika fomu ya chuo, ameijaza yeye. Mwaka jana aliogopa hata kuichukua.

"Kama nimekufaulisha wewe," alisema, "mimi nitashindwaje? Mwakani tunapanda ngazi za chuo pamoja. Ila ukinidanganya tena, utapanda peke yako."

"Sirudii, haki ya nani."

Nilizipokea habari hizo kiume, jicho kavu kabisa.

Haya nayaandikia hapa hapa dukani, na shangazi mtu anasoma begani kwangu.

"Jicho kavu?" anauliza. "Na ile rimu yangu ya karatasi iliyolowa, mvua ilinyesha humu ndani?"