Karatasi Isiyo na Kichwa

"Kubwa kama mlango, Mama! Mkia wa ile P yako peke yake unanizidi mimi urefu!"

Jovelyn aliingia na viatu mpaka jikoni. Siku nyingine bibi yake, anayelala kwenye kitanda karibu na dirisha, angemgombeza. Siku hiyo hata yeye aliinua kichwa kusikiliza.

Perlita, mama yake Jovelyn, alikuwa anageuza ndizi kwenye mafuta. Kila siku mchana anakaanga ndizi, anazipaka sukari, anazichoma vijiti, kisha anaziuza nje ya uwanja wa mpira wa kikapu.

"P gani hiyo?" akauliza.

"P ya Perlita. Sahihi yako. Wameipiga picha, wameikuza, wameitundika kwenye bango mbele ya ukumbi wa jiji. Mji mzima unapita hapo."

Perlita alizima jiko. Ana miaka hamsini na miwili. Mpaka mwaka jana alikuwa anaweka dole gumba kila mahali. Ndipo akaanza kwenda kwenye chumba cha kusomea cha mtaa, pale pembeni ya zahanati. Ndizi zikiisha, saa kumi jioni, anaingia darasani na harufu yake ya mafuta. Alihangaika miezi minne na jina lake. Ile P akaipa mkia mrefu, kwa sababu, alisema, mkia haulipiwi.

"Wameandika nini juu yake?"

Jovelyn akanyamaza. Huyu yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili, na mdomo wake haufungi. Ukimwona amenyamaza, ujue kuna jambo.

"Wameandika, 'Wananchi 214 wamesema NDIYO kwa maktaba mpya.'"

"Mimi sijasema ndiyo," Perlita alisema. "Sijasema kitu. Mimi nilikula tambi."

Na kweli alikula tambi. Wiki tatu nyuma, jiji la Santa Ramira liliita watu wa mtaa wao kwenye mkutano, pale uwanjani. Mhandisi aliongea saa mbili nzima juu ya maktaba mpya. Ghorofa sita, kuta za vioo, peso milioni mia nne. Mtaa uligawanyika siku hiyo hiyo. Wengine walisema, "Mabomba yetu hayatoi maji, wao wananunua vioo." Wengine walisema, "Na sisi tuwe na kitu kizuri basi, hata kimoja."

Mwishoni zikapitishwa karatasi. Pale kwao mkutano ndivyo ulivyo. Unasaini, unapewa tiketi. Unatoa tiketi, unapewa sahani ya tambi tamu zenye soseji nyekundu, na juisi ya pakiti. Hakuna anayesoma. Watu wana njaa na jua linawaka.

Ila Perlita hakuharakisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusaini mbele za watu. Aliinama, akaandika jina zima, akauvuta ule mkia taratibu. Nyuma yake watu wakaguna. "Mama, unasaini au unadarizi?"

Alirudi nyumbani akiwa na raha kuliko bibi harusi.

Sasa Perlita na Jovelyn wakatoka kwenda kuliona hilo bango. Walipanda kwa Nestor, jirani yao, dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu.

"Mheshimiwa Perlita," Nestor alisema, "leo nauli bure. Umetuletea maktaba."

"Endesha wewe."

"Mimi naitaka, dada, sikufichi. Watu watakuja kutoka mbali, na mimi nitawabeba. Ila sikujua kama na wewe unaitaka."

"Nestor, nimesema endesha."

Bango lilikuwa refu kama nyumba. Katikati palikuwa na sahihi yake, ile nzuri kuliko zote. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo. Jovelyn alifungua mdomo amsomee mama yake. Perlita akamzuia kwa mkono. Alisoma mwenyewe, kidole kikifuata hewani.

"Vyu-mba vya ku-so-me-a vya mi-taa... vita-fungwa... ku-pisha maktaba mpya."

Akasoma tena. Mkutanoni hakuna aliyelitaja hilo.

Kutoka mtaani kwao mpaka ilipo maktaba mpya ni jipni mbili, yale magari ya abiria, kwenda na mbili kurudi. Nani atakaanga ndizi, apande jipni mbili, akajifunze herufi, kisha apande mbili tena kurudi kwa mama yake mgonjwa kitandani? Jina lake alilihangaikia miezi minne. Kazi ya kwanza ambayo jina hilo lilipewa ilikuwa kufunga chumba alichojifunzia.

Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Odette, mtunza vitabu wa kile chumba, ambaye pia ndiye mwalimu wake. Odette alikuwa anasogeza ndoo. Paa la chumba hicho linavuja sehemu tatu.

"Mwalimu, wameniibia jina."

Odette alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Karatasi uliyosaini, juu yake paliandikwa nini?"

"Juu hapakuwa na kitu. Mistari na namba tu."

"Basi ni hapo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa, 'Waliohudhuria.' Niliuona. Kurasa zilizofuata hazikuwa na kichwa. Karatasi isiyo na kichwa, mtu anaweza kuivisha kichwa chochote anachotaka. Wameivisha, 'Tunakubali.'"

"Kwa hiyo kuhudhuria na kukubali ni vitu viwili?"

"Viwili kabisa. Kuhudhuria ni kusema, nilikuwepo. Kukubali ni kusema, nataka. Ukipewa karatasi, anza juu. Soma kichwa. Hakuna kichwa, usisaini. Au kando ya jina lako uandike, 'Nimehudhuria tu.'"

Perlita alimtazama. "Ulinifundisha kuandika jina miezi minne. Hili la dakika moja mbona hukunifundisha?"

Odette alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakujitetea. "Kweli, dada Perlita. Nilikufundisha chini ya karatasi, nikasahau juu."

Mvua ilikuwa inadondoka ndani.

"Sasa inafutika?" Perlita aliuliza.

"Tunaandika barua. Inataka mambo manne tu. Tarehe. Wewe ni nani na unakaa wapi. Nini kilitokea. Unataka nini. Na unaandika nakala mbili. Moja unawaachia wao. Ya pili wanakugongea mhuri wa kupokea, unarudi nayo nyumbani. Bila mhuri, watasema hawajawahi kukuona."

Jovelyn akachukua kalamu haraka. Alikuwa na maneno mazito ya chuo, tele. Mama yake akamnyang'anya kalamu. Aliandika jioni mbili, mstari kwa mstari:

"Nilisaini kwa ajili ya tambi. Sikusaini kukubali maktaba. Sikuambiwa chumba chetu kitafungwa. Naomba jina langu liondolewe na mtaa uulizwe upya."

"Mama, toa tambi," Jovelyn alisema. "Watakucheka."

"Wacheke. Ndiyo ilivyokuwa."

Kisha akazunguka nayo mlango kwa mlango. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa, na kila mtu alisomewa kichwa kwanza. Watu sitini na mmoja wakasaini. Wengine walikataa. Mmoja kaka yake anamwaga zege kwenye jengo la maktaba, ambalo tayari limeanza kujengwa, na watoto wanakula kwa zege hilo. Mwingine aliuliza, "Nikisaini hii napewa nini?" Perlita hakuwa na tambi. Mlango ukafungwa.

Kwenye ukumbi wa jiji, karani alipokea barua bila kuinua macho. "Iache hapo."

"Nigongee mhuri kwenye nakala yangu."

"Mama, tumeshapokea."

"Basi mhuri uko tayari. Gonga."

"Mwenye mhuri ametoka."

Perlita akakaa kwenye benchi. Alikuwa na ndizi zake kwenye beseni. Akaanza kuuza ndizi mle mle ofisini, sukari ikidondoka sakafuni. Haikupita nusu saa, mwenye mhuri akapatikana.

Siku kumi na moja baadaye jibu likaja. Zile karatasi zimeondolewa kwenye faili. Mtaa utaulizwa upya. Bango likateremshwa, na Nestor, yule yule anayeitaka maktaba, akaliomba kwa mlinzi. Kwao turubai zuri halitupwi. Akalitandaza juu ya paa la chumba cha kusomea, maandishi chini, akalifunga kwa waya. Paa halivuji tena. Ukikaa darasani na kutazama juu penye nyufa, unaona mkia wa P, na kipande cha NDIYO, kichwa chini.

Mkutano wa pili ulifanyika leo asubuhi. Safari hii hapakuwa na tambi.

Mara ya kwanza walikuja watu mia mbili na kumi na wanne. Leo wamekuja thelathini na wanane. Hata katika wale sitini na mmoja waliosaini barua, wengi hawakuonekana. Perlita alivihesabu viti vitupu kwa macho, akaacha.

Lakini alisimama kando ya meza ya karatasi, kuwasaidia wanaosaini. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa, "Maoni yangu mwenyewe." Kila asiyejua kusoma, Perlita alimsomea kuanzia juu. Nestor alipofika akasema, "Mimi nakubali maktaba. Ila chumba kisifungwe. Pa kuandika hivyo papo?"

"Hapapo. Andika pembeni."

"Dada, unaniruhusu hata mimi ninayekupinga?"

"Ni jina lako, siyo langu."

Akaandika pembeni. Baada yake watu saba wakaandika pembeni vile vile.

Madiwani watatoa uamuzi kesho saa tatu. Wakati wanarudi nyumbani, Perlita na Jovelyn walipita kwenye jengo la maktaba. Nguzo zimeshafika ghorofa ya tatu. Winchi ilikuwa inapandisha chuma. Hakuna aliyekuwa anasubiri kesho pale.

Nyumbani, bibi alikuwa macho.

"Haya, Perlita. Wamesemaje? Chumba kinabaki?"

"Sijui, Mama."

"Lakini maktaba inajengwa."

"Inajengwa. Hiyo nimeiona kwa macho."

"Kwa hiyo mmefanya kazi ya nini?"

Perlita aliitoa ile nakala yenye mhuri kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa imeshika mafuta. Akaipachika ukutani kwa pini, mahali ambapo mama yake anaweza kuiona akiwa amelala.

"Kesho watatoa karatasi, Mama. Nitakuja nayo hapa, nikae kitandani kwako, nikusomee yote waliyoamua. Nitaanzia juu."